Lifti ya Gari Nyumbani: Pima Dari Kwanza, Pochi Baadaye

HAMISI: Karibuni tena, wapenzi wa spana. Leo nina shida yangu binafsi: nimechoka kulala chali chini ya gari. Nataka lifti kwenye gereji ya nyumbani. Dada Rehema, ninunue ya nguzo mbili, ile yenye mikono inayobeba gari katikati, yaishe?

REHEMA: Hayajaanza hata kuanza, kaka. Dari yako ina kimo gani?

HAMISI: Nilijua utaanza na uzito wa gari.

REHEMA: Uzito ni kazi ndogo. Gari dogo la abiria lina tani moja na ushei, yale makubwa yenye chasisi hupita mbili, na lifti nyingi za nguzo mbili hubeba tani 4. Ongeza mzigo uliomo garini, umemaliza. Kinachowatoa watu jasho ni dari. Tuseme gari lina kimo cha mita 1.5, nawe unataka kusimama wima uvunguni, kwa hiyo liinuke mita 1.8. Jumlisha.

HAMISI: Mita 3.3.

REHEMA: Dari ikiwa ya kimo hicho, paa la gari limeshaigusa. Na boneti hujafungua.

HAMISI: Lo! Boneti sikuifikiria kabisa.

REHEMA: Na mlango wa gereji, kama ni ule unaojikunja kwenda juu, reli zake zinapita pale pale gari linapotaka kupanda. Fungua mlango kwanza, halafu ndiyo upime. Tena nguzo mbili zenyewe ziko za namna mbili. Kuna zilizounganishwa juu kwa boriti, waya na mabomba yanapita huko. Hizo mara nyingi huzidi mita 3.5. Nyingine zimeunganishwa chini kwa bamba linalokatiza sakafu. Ni fupi, zipo hata za mita 2.8 hivi, ila jeki ya kushushia giaboksi ina magurudumu madogo, kila ukiisukuma inagota kwenye lile bamba. Utalitukana kila siku.

HAMISI: Afadhali matusi kuliko kutoboa dari.

REHEMA: Sawa, tushuke chini basi. Sakafu.

HAMISI: Ni zege. Ngumu tu, naiona.

REHEMA: Ugumu wa juu hauniambii kitu. Sikiliza: gari likikaa kwenye mikono ya lifti, nguzo zote mbili zinataka kuinamia katikati. Kinachozizuia ni bolti zilizozama kwenye zege, basi. Kwa hiyo watengenezaji wengi wanataka unene usiopungua sentimita 10 na zege lenye nguvu ya megapaskali 20 hivi, ndicho kipimo cha mgandamizo linaoweza kuhimili, wengine zaidi. Soma kitabu cha lifti yako, usishike la kwangu.

HAMISI: Nyumba niliikuta imejengwa. Unene nitaujuaje?

REHEMA: Toboa tundu dogo kwa drili ya kugonga, ukishahakikisha hapapiti bomba, umeme wala nyaya za chuma zilizovutwa ndani ya zege. Chukua waya mwembamba, kunja ncha iwe ndoana. Uzamishe mpaka uvuke zege, kisha uvute taratibu hadi ndoana inase kwenye ukingo wa chini. Bana kwa kucha pale waya unapotokea, uchomoe, upime. Fanya hivyo kila nguzo itakaposimama, maana mafundi wengine humwaga nene mlangoni na nyembamba nyuma.

HAMISI: Nikikuta sentimita 6?

REHEMA: Kata kipande hicho, chimba, mwaga msingi mpya, usubiri siku 28. Usinimwagie tabaka jipya juu ya la zamani ukadhani umepata unene. Yatabaki mawili yaliyolaliana.

HAMISI: Nguzo nne je? Nasikia nyingi hazidai bolti.

REHEMA: Zinasimama vizuri, na gari linapanda kwa matairi yake juu ya njia mbili za chuma. Kwa oili na ekzosi, raha tupu, na unaegesha gari jingine chini. Lakini ukitaka breki, matairi yamekalia njia zake. Itabidi ununue jeki ya kuvuka kati ya njia hizo. Mimi kwa fundi wa nyumbani siipendi, inakula gereji nzima.

HAMISI: Dari yangu nakumbuka ni kama mita 2.6.

REHEMA: Ungesema mapema! Chukua ya mkasi, ile ya vyuma vinavyopishana chini ya gari, inayoinua mita moja hivi. Unakaa kwenye kigoda, breki na springi ziko usoni pako. Hasara yake, mashine yenyewe imejaa katikati ya uvungu. Giaboksi usiiote.

HAMISI: Giaboksi sishushi. Yote hayo, usiku nikiwa chini, oili inayoinua lifti ikivuja?

REHEMA: Ndiyo maana kuna makomeo. Lifti ikipanda unasikia kla, kla, kla, komeo linaruka meno. Wengi wakisikia hivyo wanaingia. Bado! Ishushe kidogo mpaka ikalie meno pande zote mbili. Sasa gari limeshikwa na chuma. Na kabla ya hapo, likiinuka kidogo tu, simama, litikise kwa nguvu. Kama limekaa vibaya lianguke likiwa bado chini.

HAMISI: Na anayetoa injini kwenye nguzo mbili?

REHEMA: Uzito unahamia nyuma ghafla, gari linaweza kupinduka. Aweke stendi ndefu kabla ya kulegeza bolti ya kwanza.

HAMISI: Nimeona moja ya mtumba, muuzaji ana haraka.

REHEMA: Tafuta kibati cha uwezo wake na kiwango: Ulaya ni EN 1493, Marekani Kaskazini tafuta lebo ya ALI, taasisi ya lifti za magari. Kama ina waya za chuma, pitisha tambara, usipitishe kiganja. Uzi uliokatika utanasa kitambaa. Ijaribu ikiwa na gari juu, siyo tupu.

HAMISI: Mota?

REHEMA: Iwe ya fezi moja kama nyumba yako. Mtumba wa gereji kubwa mara nyingi ni fezi tatu, na muuzaji hatakwambia. Akikupa na bolti alizong'oa sakafuni kwake, mwachie. Nunua mpya.