Anzeni na Upepo, Ramani Itafuata

Karibuni kwenye mhadhara huu wa kubuni dunia za michezo ya kuigiza ya mezani. Naona wengi wenu mmekuja na ramani tayari: pwani imechorwa, milima ina majina, kila ufalme una ukoo wa vizazi ishirini. Ziwekeni kando kwa muda. Mchezaji akishakaa mezani haulizi babu wa mfalme alikuwa nani. Anauliza jahazi la kusini linaondoka lini, nauli kiasi gani, na kwa nini haliondoki leo. Hilo la tatu ndilo gumu, na jibu lake halimo kwenye nasaba. Limo kwenye vizuizi: kitu gani hakiwezekani katika dunia hiyo, na kwa muda gani.

Chukueni kizuizi ambacho bahari yetu inacho tayari. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, ikaleta vyombo kutoka Uarabuni na India. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuvirudisha, lakini Juni na Julai hukaza hata nahodha hodari akafunga chombo. Mgeni aliyechelewa kuuza mali yake basi amekwama mjini kwa miezi. Anahitaji pa kulala, wa kumpikia, wa kumdhamini, pengine na mke. Hapo mmeshapata mitaa, madeni na watoto wa lugha mbili, na bado hamjamtaja mfalme hata mmoja. Kilwa, ambayo msafiri wa Morocco Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331, ilineemeka kwa sababu ya namna hiyo hiyo: ilikuwa karibu na mwisho wa safari ambayo chombo cha kaskazini kingeweza kwenda na kurudi kwa msimu mmoja, na dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini zaidi, ilikuwa mbele zaidi. Aliyekaa katikati akakusanya ushuru.

Mezani, andikeni miezi 12 kwenye karatasi moja. Kila mwezi una mambo matatu tu: upepo, bei ya nafaka, na nani yuko mjini. Miezi ya mpito ina dadu la nyuso sita kila asubuhi: 1 au 2, upepo wa zamani ungalipo, 3 au 4, shwari, 5 au 6, umegeuka. Wachezaji wakiikosa siku ya mwisho ya kuondoka, msiwahurumie kwa kuwatafutia meli ya ajabu. Mkifanya hivyo mara moja, kalenda yenu imekufa.

Sasa bara. Chora ramani ya pembesita, yaani vigae vya pembe sita, kila kimoja upana wa kilomita 20. Msafara wa miguu wenye mizigo huenda pembesita moja kwa siku, si zaidi. Jahazi lenye upepo mzuri, noti 4 hadi 5 (maili za baharini kwa saa), likisafiri usiku na mchana, huvuka tisa hadi kumi na moja. Tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini miji mingi ya biashara iko pwani. Halafu pigeni hesabu ya tumbo. Mpagazi hubeba kilo 30 hivi na hula karibu kilo moja ya nafaka kwa siku. Mgodi ulio pembesita 20 kutoka bandarini ni siku 40 kwenda na kurudi: angebeba chakula chake tu, kisimtoshe. Kwa hiyo njia haifuati mstari mfupi, inafuata mashamba na visima, na mwenye kisima hudai hongo, yaani ushuru wa kupita. Hapa ndipo ramani nyingi huanguka: jiji la watu elfu hamsini katikati ya jangwa, shamba hakuna, mto hakuna.

Vifaa vya ujenzi navyo msivipuuze. Nyumba za mawe za Lamu zina vyumba virefu na vyembamba, upana wa mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti hazifiki mbali zaidi ya hapo. Mwendesha mchezo aliyelijua hili anajua pia pigano la ndani litakavyokuwa: watu wawili bega kwa bega, mwenye mkuki mrefu ana taabu.

Majina, miungu na nembo nayapitia haraka, maana hayo mnayapenda na mtayafanya hata bila mhadhara.

Uchawi ndio unaohitaji kalamu nyekundu. Kila uchawi upimeni kwenye kizuizi unachokigusa. Mganga anayeita upepo kwa saa moja kwa siku anakisogeza chombo kilomita saba hadi tisa. Ni msaada wa kutoka kwenye mwamba, basi. Akiuita kutwa kucha, msimu haupo tena, mgeni hakwami, na mitaa yote niliyoitaja haina sababu ya kuwapo. Mkitaka uwezo huo, sawa, ila wahesabuni waganga hao. Wakiwa watatu bahari nzima, amueni sasa hivi ni nani anayewalisha na nani anataka wafe. Uchawi wa kuumba chakula ni hatari kuliko moto wote mtakaoubuni, kwa kuwa unamfuta mpagazi, kisima na hongo kwa mpigo mmoja. Upeni kipimo: watu wangapi, mara ngapi, na kwa kuchoma kitu gani ambacho nacho lazima kibebwe.