Shuka Kwanza, Ndio Upige

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Poa. Leo sisemi kamera gani ununue, hilo tuliache kabisa, nataka tuongelee engo, yaani mwili wako uko wapi pale unapobonyeza, maana picha nyingi za chini ya maji naziona zina ugonjwa mmoja tu, zimepigwa kutoka juu.

Na inaeleweka, mtu anaelea zake juu ya matumbawe, samaki yuko chini yake, anainamisha kamera anabonyeza, anachopata ni mgongo uliopotelea kwenye mawe, jicho huoni, umbo huoni. Sasa fikiria, samaki wengi mgongo ni mweusi ili anayewatazama kutoka juu asiwaone, kwa hiyo wewe unampiga mnyama kwa engo ileile aliyoumbwa ajifiche nayo! Shuka basi, ulingane nae macho kwa macho, halafu shuka tena kidogo uinue lenzi, utaona nyuma yake mawe yameondoka yamebaki maji ya bluu matupu na samaki amejitokeza mwenyewe.

Ukiinua zaidi, kama maji yametulia, unakutana na lile duara la mwanga, anga lote la juu limebanwa ndani ya nyuzi kama 97 hivi na nje ya duara ni giza au uso wa maji unaakisi vya chini kama kioo. Muweke kasa katikati ya duara, zima flashi, anatoka kivuli cheusi safi sana, ila uwe na lenzi pana kwelikweli la sivyo duara halienei kwenye fremu.

Kitu kingine, sogea. Kupitia maski kila kitu kinaonekana kipo karibu kwa robo nzima, ndo maana ukidhani umefika bado hujafika, na kila sentimita ya maji inakula rangi, nyekundu ndo ya kwanza kuondoka, ukifika mita 5 imeshapungua sana. Flashi nayo mwanga wake unaenda na kurudi, unakatwa mara mbili. Halafu zitanue flashi zako mbali na lenzi na uzirudishe nyuma kidogo, zikikaa karibu zinawasha uchafu wote wa majini picha inajaa madoa meupe. Wale Longley, mtaalamu wa samaki, na Martin, mpiga picha, walipopata picha za kwanza za rangi chini ya maji, 1926, huko Florida, walilipua unga wa magnesiamu juu ya chelezo, mwanga wote ukaanguka kutoka juu, sisi tunachagua upande na bado watu wanapiga usoni moja kwa moja, sijui kwa nini.

Kuhusu fremu yenyewe nasema kwa kifupi, acha nafasi mbele ya jicho, samaki akigeuka usimkimbize utapata mkia tu, subiri arudi. Na kama huwezi kuelea bila kugusa matumbawe basi hiyo picha iache, mi sina huruma kwenye hilo.

Mzamiaji mwenzako akiwa ndani ya picha geuza kamera wima, lakini flashi nazo uzipange upya, usipofanya hivyo moja itakuwa juu na nyingine chini na nusu ya uso inaungua kwa mwanga. Naona mkono pale mbele, uliza.