Kitabu cha mawingu kisicho na maneno: namna ya kukisoma na mtoto

Assalaam alaykum, karibuni barazani kwetu, Wete, Pemba. Kitabu ni hiki hapa: kurasa zote mawingu, maandishi hakuna hata mstari mmoja. Mtu mzima akikishika huuliza, "Sasa nisome nini?" Tuanze.

Kwanza, chagua wakati. Alasiri ni nzuri, mtoto ameshakula na mwangaza bado upo. Tandika mkeka, zima televisheni, simu iache ndani. Muweke mtoto ubavuni au mapajani, kisha mpe kitabu akishike yeye. Akikifungua juu chini, mwache, atakigeuza mwenyewe.

Pili, mara ya kwanza ni kutazama tu. Hapa ndipo penye kazi, maana sisi wakubwa kunyamaza hatuwezi. Fuata macho yake. Akionesha kitu kwa kidole, tazama pale pale, hata kama wewe huoni cha maana. Akirudi nyuma kurasa mbili, rudi naye.

Tatu, anzeni upya, sasa uliza. "Hapa pana nini?" "Hili wingu linakwenda wapi?" Usiulize, "Hili jeupe, siyo?" Atajibu ndiyo, na mazungumzo yamekwisha. Ukishauliza, hesabu moyoni mpaka kumi. Mtoto wa miaka mitatu bado anayatafuta maneno. Ukimuwahi, ataona ya nini kujisumbua. Akisema "Mbuzi!", lipokee neno lake uongeze kidogo: "Ee, mbuzi ana mkia mrefu. Anamkimbia nani?" Wewe pengine umeona jahazi. Lingoje zamu yako, na ukilitaja usimwambie kuwa yeye kakosea.

Ukurasa wa wingu jeusi usiupite mbio. Mtoto wa Pemba habari zake anazijua: karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, wingu likitokeza nyumba nzima inatoka mbio kuanua. Muulize, "Ingekuwa hapa kwetu, tungeanua au tungengoja?" Mimi ukurasa huu ndio niupendao, kwa sababu hata mtoto mkimya hupata la kusema: nani alibeba nini, nani aliteleza, nani aligombezwa.

Akikuuliza kwa nini wingu halianguki, mjibu kwa ufupi. Wingu ni vitone vya maji vidogo mno, na hewa ya joto inayopanda inavizuia visishuke. Vikigongana vikaungana, vinakuwa vizito, ndiyo mvua. Mengine atayakuta skuli.

Nne, mtoto ampelekee bibi yake kitabu. Bibi hata kama hakusoma, hapa hapungukiwi na kitu. Leo yeye ndiye msikilizaji. Aanze mtoto: "Paukwa!" Bibi aitikie: "Pakawa!" Kisha kurasa zifunuliwe. Jana alikuwa mbuzi, leo amekuwa pweza? Bibi asibishe, aulize tu pweza kafikaje juu.

Tano, tokeni uani mkalale chali kwenye mkeka, jua lisiwapige machoni, mtafute yaliyomo kitabuni. Siku mbingu ikiwa nyeupe bila wingu la kushika, mpe karatasi na kalamu za rangi achore lake.

Na akichoka ukurasa wa nne, fungeni hapo hapo, msilazimishane. Kitabu kisipandishwe juu ya kabati; kiwekwe chini, pahala mkono wake unapofika.