Kabla Hamjapandisha Ada, Itisheni Daftari

Waheshimiwa madiwani, ndugu wananchi, asanteni kwa kufika. Wengine wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na leo nalisema tena, kwa sababu kila msimu wa bajeti ukifika hesabu ni ile ile na kosa ni lile lile. Pengo limeonekana. Maktaba zimetajwa, taa za barabarani zimetajwa, kisha diwani mmoja anasimama: "Tuna uwanja wa gofu. Tupandishe ada kwa asilimia 20." Wenzake wanapiga meza. Kwenye makadirio panaandikwa kwamba mapato ya uwanja yatapanda asilimia 20, na kikao kinaendelea na ajenda inayofuata.

Hapo ndipo ninapogomba. Makadirio hayo yanachukulia kwamba kila aliyecheza mwaka jana atarudi. Nani kasema atarudi?

Chukueni ada ya 100, kwa sarafu yoyote mnayotaka. Ipandisheni iwe 120. Jana wachezaji sita walilipa 600. Leo mmoja akiacha kuja, watano waliobaki watalipa 600. Hamjapata kitu. Akiacha na wa pili, mna 480, yaani mmepunguza mapato kwa kupandisha bei. Na anayeacha kuja haondoki na ada peke yake. Anaondoka na pesa ya kukodi kigari cha kuzungukia uwanja, na ndoo ya mipira ya mazoezi, na chai na mkate aliokuwa akinunua akimaliza mchezo.

Niliwahi kukaa siku tatu kwenye dirisha la kuandikishia wachezaji, katika uwanja mmoja wa jiji ambao ada yake ilikuwa imepanda miezi michache nyuma. Pale dirishani kuna daftari. Kila dakika kumi zina mstari wake, na kila mstari una visanduku vinne, kwa kuwa watu hutoka kucheza wanne wanne. Saa moja ni wachezaji 24. Jumamosi mistari ilijaa tangu alfajiri. Jumanne, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, nilihesabu mistari mitupu mpaka nikachoka kuhesabu. Na nje, mashine ya kukata nyasi inapita, pampu inasukuma maji, kijana wa dirishani yuko kazini na mshahara wake unahesabika. Nyasi haziulizi nani amekuja. Mashimo yote 18 ya kutumbukizia mpira yanahudumiwa, awe amekuja mmoja au wamekuja mia mbili. Na saa nne na dakika kumi ikipita bila mtu, imekwenda. Mahindi yasiponunuliwa leo utayarudisha ghalani. Nafasi ya saa nne na dakika kumi utaiweka ghala gani?

Siku hiyo hiyo akaja mzee mmoja, mstaafu, begi lake begani. Akauliza bei. Akazihesabu noti zake, akazihesabu tena, akamwambia yule kijana, "Basi mwanangu, nitakuwa nakuja mara moja kwa mwezi." Alikuwa anakuja kila wiki. Mistari mitupu ilikuwa wazi mbele yake kwenye daftari, naye akageuka akarudi nyumbani. Jiji lilikosa hata ile ada ya zamani, na nyasi zilikatwa vile vile.

Ndiyo maana nasema bei ya Jumamosi asubuhi isiwe bei ya Jumanne mchana. Pandisheni pale watu wanapogombania nafasi. Shusheni pale mnapolisha pampu bure.

Najua kuna atakayesema: gofu ni mchezo wa matajiri, ufungwe tuokoe maktaba. Ndugu yangu, tajiri ana klabu yake. Ukiufunga uwanja wa jiji unamfungia yule mzee. Mwaka 1955, Wamarekani weusi wa Atlanta walifika hadi Mahakama Kuu ya Marekani kudai haki ya kucheza kwenye viwanja vya gofu vya jiji lao. Hawakuwa wakidai klabu ya mtu binafsi. Walidai mali ya umma, na walishinda. Na St Andrews, Uskoti, mji uliinunua ardhi ya viwanja vyake mwaka 1894. Mpaka leo mkazi hucheza kwa tiketi ya mwaka, mgeni hulipia kila mzunguko, na Jumapili ule uwanja mkongwe kwa kawaida haufunguliwi kwa gofu: watu wanatembea humo, na mbwa wao.

San Diego, Marekani, nao wana uwanja wa Torrey Pines, mali ya jiji, palipochezwa mashindano makubwa ya gofu ya US Open mwaka 2008 na 2021. Mkazi analipa pungufu ya mgeni. Sawa, si kila jiji lina uwanja juu ya majabali ya bahari. Nataka muangalie kitu kingine: hesabu za gofu ziko kwenye mfuko wake, mbali na mfuko mkuu wa jiji. Ukiwa na mfuko wa namna hiyo, unaona hasara imetoka wapi.

Maana hasara nyingine ni ya kwenye karatasi. Uwanja unabebeshwa sehemu ya mishahara ya makao makuu: wanasheria, utumishi, ofisi ya mweka hazina. Fungeni uwanja kesho, wanasheria hao bado wapo, na gharama yao itahamia kwenye hizo hizo maktaba mnazotaka kuziokoa.

Mabomba yaliyochakaa, mikataba ya wakodishaji, hoja ya kubakiza mashimo tisa, nilikuwa nayo yote hapa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Naomba moja tu. Kabla ya kura ya wiki ijayo, itisheni daftari la dirishani, la mwaka mzima. Liwekwe mezani, na kila diwani afungue mwenyewe ukurasa wa Jumanne.

Haya, dada pale nyuma, mkono wako umekuwa juu muda mrefu. Karibu.