Mashine Iingie Darasani, na Fundi wa Nakshi Aingie Nayo

Asalaam aleikum. Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi mafundi mlioacha karakana zenu mkaja, ahsanteni.

Swali linalozunguka hapa Lamu ni moja: mashine ya CNC, ile inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, ikiingia shuleni itawamaliza mafundi? Nitalijibu, lakini kwanza tuijue yenyewe.

Ni mota iliyoshika biti, yaani kisu kinachozunguka na kukata, imepandishwa kwenye reli. Huenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini: X, Y na Z zile zile za daftari la hisabati. Kompyuta huipa amri mstari baada ya mstari. G0, nenda upesi bila kukata. G1, kata ukinyooka. G2 na G3, kata ukizunguka. M5, zima mota. Basi.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe uliotobolewa, kutokana na wazo la John Parsons, aliyekuwa akitengeneza mabawa ya helikopta. Kwa miaka mingi zikabaki mali ya viwanda vikubwa. Watu wa Matondoni, waunda majahazi, wataipenda habari inayofuata: Ted Hall, profesa wa Chuo Kikuu cha Duke, alitaka kukata plaiwudi ya kuundia mashua, akakuta mashine zilizopo bei yake haishikiki, akaunda yake. Ndiyo iliyozaa kampuni ya ShopBot mwaka 1996. Siku hizi zipo ndogo za kukaa juu ya meza, zinazoendeshwa na Arduino, kadi ndogo ya kielektroniki, na programu ya bure iitwayo GRBL.

Shuleni inafundisha nini? Chukueni ua la milango yetu, lile la petali sita. Fundi hulichora kwa bikari: anapiga duara, kisha bila kubadilisha upana wa bikari anapima ukingoni mara sita, na anarudi pale pale alipoanzia. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 na alifanye hivyo hivyo kwenye karatasi, halafu atafute namba zake. Nusu kipenyo ikiwa mm 50, nukta ya kwanza ni (50, 0), ya pili ni (25, 43.3). Kila petali ni matao mawili: ukiizunguka ni G2 mbili, au G3 mbili, kwa kufuata upande unaozungukia. Kisha mwendo: biti ya meno 2, mizunguko 10,000 kwa dakika, kila jino likate mm 0.05 za mbao. Zidisha, upate mm 1,000 kwa dakika. Akienda polepole mno, biti inasugua na mbao zinaungua. Akiharakisha mno, biti inavunjika, na hilo ni somo asilolisahau.

Sasa mafundi. Biti ni ya duara, kwa hiyo biti ya mm 6 huacha kila kona ya ndani na mviringo wa mm 3, uiamuru utakavyo. Zipo biti za ncha ya V zinazopanda kadiri zinavyoingia konani, nazo zinasaidia. Lakini nakshi ya kina, yenye sakafu bapa na kona kali, bado inadai patasi. Tena mashine haioni uzi wa mbao. Fundi akiona uzi umegeuka, naye anageuza patasi. Mashine inapita tu, ukingo unachanika. Ubao ukitoka mashinani, basi, fundi awepo kuupokea, na alipwe kama mwalimu. Bajeti nilizoonyeshwa zina mashine, kompyuta, hata mapazia. Fundi hamna.

Mimi hofu yangu ni faili. Mtandaoni yamejaa maua na simba wa kupakua. Mtoto atabonyeza, na ua lisilojulikana limetoka wapi litakaa juu ya mlango wa Lamu. Mji ulioingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2001 una michoro ya kuwatosha watoto wake. Muhula wa kwanza mashine ifunikwe. Watoto waende mtaa wa Mkomani na karatasi, waombe ruhusa, wachore miimo, vizingiti na mfaa, ule ubao wa katikati, wa milango.

Yaliyobaki ni ya kawaida, ila yanaua mashine. Hewa ya bahari inakula reli: zifutwe na kupakwa mafuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine nyingi ndogo husahau zilipo, kwa hiyo sifuri, pale mashine inapoanzia kupima, itiwe alama ya penseli kwenye kona ya ubao kabla ya kuanza. Vumbi la mvule huwasha macho na kifua. Wanafunzi wajifunzie mwembe, pawe na kifyonza vumbi, barakoa na miwani. Nunueni mashine moja ndogo na biti nyingi, maana biti ndizo zitakazokwisha. Na chumba kiwe mbali na madarasa. Ile kelele hakuna mwalimu wa kushindana nayo.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na mafundi kule nyuma.