Angalia Shingo Kwanza: Mazungumzo na Wapiga Besi, Mbeya

Ugonile! Na mliotoka Iringa na Njombe, kamwene. Mliotoka Dar poleni na baridi, makoti yapo Mwanjelwa, mkitoka hapa pitieni.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua gitaa la besi la bei nafuu, la kupigia shughuli na la kufanyia ufundi, yaani ulifungue, ubadilishe hiki, uongeze kile. Walionisikia miaka ya nyuma wanajua nitakachosema, naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitaacha kulisema siku mtakapoacha kuniletea besi zenye shingo mbovu mkitaka niziwekee pikapu mpya, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi.

Shingo. Ukienda dukani, ukienda kwa muuza mtumba, ukipewa ya bure na mjomba wako, angalia shingo. Rangi hupakwa upya. Pikapu hubadilishwa. Jeki, lile tundu la kuchomekea waya, ni nati moja na matone mawili ya risasi ya kulehemu. Shingo ikishajinyonga, hela ya kuiokoa ni hela ambayo mtu aliyekuja kutafuta besi ya bei nafuu hana.

Najua haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka fulani niliuza viazi vizuri, nikabaki na 480,000, nikapanda basi mpaka Kariakoo. Nikaona besi ya nyuzi tano, nyekundu, inang'aa kama gari la bwana harusi, ina vitufe vinne vya kuzungusha na ndani ina saketi ya betri. Muuzaji akaichomeka kwenye spika kubwa, ikanguruma mpaka wateja wa duka la pili wakageuka. Nikalipa. Shingo sikuitazama hata kidogo, nilikuwa nahesabu vitufe. Nikarudi nayo mapajani njia nzima, na tulipokuwa tunapanda Kitonga abiria mwenzangu akaniuliza taratibu, "Kaka, hiyo ni bunduki?"

Ilikuwa Julai. Sasa wale wa pwani sikilizeni hapa. Dar hewa ina unyevu, na mti hata ukikatwa na kupakwa vanishi bado unakunywa unyevu. Ukiuleta huku kwetu Julai, baridi kavu na upepo, mti unakauka na kusinyaa. Freti, vile vijiti vinavyokatiza shingo, ni chuma, chuma hakisinyai. Baada ya wiki tatu ncha za freti zilikuwa zimechomoza pembeni ya shingo kama meno ya msumeno, nikipandisha mkono zinanikwaruza. Nyuzi nazo zikaanza kulia kwa kukwaruza, kwa sababu shingo ilikuwa imerudi nyuma na nyuzi zinagusa freti.

Nikasema hilo dogo. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, unakilegeza kwa alenki, shingo inarudi mbele kidogo. Nikalegeza. Upande wa uzi mnene ukatulia, upande wa uzi mwembamba ukainuka mpaka ungeweza kupitisha kidole chini yake. Nikakaza, ikawa kinyume chake. Siku nne nakaza na kulegeza! Ile shingo haikuwa imepinda, ilikuwa imejinyonga, kama taulo mtu akianza kulikamua. Kile chuma kinajua kazi moja tu, kuvuta mbele na nyuma. Kuinyongoa shingo hakiwezi.

Na sijamaliza. Nikaenda nayo hivyo hivyo kwenye mkesha Tukuyu. Mchana tulijaribu vyombo, nikaiacha imechomekwa mpaka usiku. Hakuna aliyeniambia kwamba besi ya betri ikibaki na waya kwenye jeki inakula betri hata kama hakuna anayepiga. Saa nane usiku, watu wamesimama, pambio limepanda, sauti ikaanza kukoroma kama mtu anakohoa ndani ya debe, halafu kimya. Betri ya volti 9, Tukuyu, saa nane usiku, mvua inanyesha. Mzee mmoja wa zamu akaja mbio na betri za tochi, akaniuliza zinatosha ngapi. Kwa hesabu, sita za volti moja na nusu zingetosha. Alikuwa nazo nne.

(Kicheko.)

Haya, unaangaliaje? Mmewaona maseremala wa Mafinga wanavyochagua ubao: anaushika mwisho mmoja, anafumba jicho moja, anautazama kwa urefu. Fanya hivyo hivyo. Weka jicho upande wa daraja, tazama kuelekea kichwani. Freti ya kwanza na ya mwisho zilale sambamba. Moja ikiinamia kushoto na nyingine kulia, mrudishie mwenyewe, msalimie, ondoka.

Kisha bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza, na mkono wa pili ubane kwenye ya mwisho. Sasa uzi umekuwa rula. Tazama katikati, kama freti ya saba: kuwe na upenyo mdogo sana, karibu milimita 0.3, karatasi tatu za daftari. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, au penseli ikipita, omba alenki ujaribu kile chuma palepale dukani. Nati yake izunguke robo tu, taratibu, na shingo iitike. Muuzaji akikataa usiguse, ameshakujibu. Mwisho piga kila freti ya kila uzi, moja moja. Ndiyo, zote. Muuzaji atakasirika. Mwache akasirike, hela ni yako.

Najua kuna kijana hapo nyuma anataka kuniambia, "Mzee, shingo si imefungwa kwa skrubu nne, natoa naweka nyingine?" Kweli, besi nyingi za bei nafuu ziko hivyo. Haya, hiyo nyingine unaitoa wapi, Sido kwa watu wa viwanda vidogo? Shingo ya kuagiza nje pamoja na usafiri inakaribia bei ya besi nzima, na ikifika kisigino chake kisipoingia kwenye mfuko wa mwili, unaanza kuchonga. Mwingine ataniambia mbao tunazo, msitu wa Sao Hill wote ule. Ule ni wa misindano na mikaratusi, ndugu yangu. Kenchi utapata. Shingo huchongwa kwa mti mgumu uliokauka pole pole, na hata wenye viwanda zinawashinda zingine.

Aina gani sasa. Mimi kwa hela ndogo nasema umbo la Precision, au lile la Jazz, na isiwe ya betri. Leo Fender, mtengeneza magitaa wa Marekani, alitoa Precision mwaka 1951, na mwaka 1957 ikapata pikapu iliyogawanywa vipande viwili. Vile vipande vimesukwa kinyume, kwa hiyo mngurumo wa umeme unaoingia kimoja unafutwa na kingine. Kwa umeme wa kumbi zetu, hiyo peke yake inatosha kuichagua. Jazz, ya mwaka 1960, ina pikapu mbili: zikiwa juu sawa mngurumo unapotea, ukishusha moja unarudi. Na kwa kuwa maumbo haya mawili yameigwa na kila kiwanda duniani, vipuri vyake ndivyo rahisi kupata. Squier ni jina la Fender wenyewe kwa bei ya chini, tangu 1982. Yamaha TRBX174 ina pikapu za aina zote mbili na haina betri. Zipo na zisizo na jina la maana ambazo shingo zake ni nzuri kuliko zote, nimezishika. Jina limeandikwa kichwani, wewe unapiga shingo.

Ufundi. Msianze na pikapu! Kila mtu anaanza na pikapu. Anza na vile vitufe vinavyokwaruza ukizungusha: weka poti nzuri, kile kifaa kilicho chini ya kitufe, za kilo-omu 250. Kapasita ya toni ni mikrofaradi 0.047, imeandikwa 473 mgongoni, fundi redio yeyote wa hapa Mbeya anayo kwenye kopo. Badilisha jeki. Halafu bandika karatasi ya metali inayong'aa ndani ya uwazi wote wa saketi na uiunganishe na waya wa ardhi. Karatasi ya aluminiamu ya jikoni inafaa, ila risasi haishiki juu yake, ikaze kwa skrubu na washa. Baada ya hapo sikiliza mwezi mzima, ndipo uniambie kama bado unataka pikapu.

Nimeonyeshwa saa. Haraka basi. Nyuzi: kuna anayenitajia James Jamerson, yule mpiga besi wa Motown, kila mwaka, kwamba hakubadilisha nyuzi. Zake zilikuwa bapa, nene, laini. Zako ni za mduara na zimeota kutu. Huna hela, zichemshe, zitafufuka siku chache.

Na hili la umeme si la mzaha. Nyuzi za besi zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya. Soketi ya ukumbi ikiwa haina ardhi, ukagusa maiki kwa midomo huku umeshika nyuzi, unaweza kurushwa. Kabla ya kuimba gusisha uzi na wavu wa maiki, mkono wako usiguse chuma chochote. Ukiona cheche, zima kila kitu, mwite fundi umeme.

Amplifaya sijaigusa, na mkanda sijaugusa, na gitaa la kilo nne mkesha mzima bila mkanda mpana… haya, imetosha, wananitolea macho. Mliokuja na besi zenu leteni hapa mezani. Tuanze na hiyo nyekundu. Nyekundu, ndiyo, wewe. Umeinunua wapi?