Bangkok: Kabla Hujaenda Ufukweni, Kaa Utazame Khon

Ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Shikamoo mama, najua unaniangalia kwenye simu ya mdogo wangu. Leo nipo Bangkok, nje ya Sala Chalermkrung, ukumbi wa maonyesho uliofunguliwa mwaka 1933. Kutoka kituo cha treni cha Sam Yot ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Mkiniandikia kuhusu Thailand mnaniuliza fukwe za Phuket na bei ya masaji. Fukwe tunazo. Khon hatuna, ndiyo maana nimewaleta hapa.

Khon ni ngoma ya barakoa iliyolelewa kwenye makasri ya wafalme, na mwaka 2018 UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Kisa ni kimoja, Ramakien, yaani Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi, kwa namna ya Wathai: mwana wa mfalme Phra Ram anamfuata mkewe Sida, aliyetekwa na Thotsakan, mfalme wa majitu. Mara ya kwanza nilihangaika kutafuta sauti inatoka wapi, maana jitu linafoka ukumbi mzima lakini mchezaji hafungui mdomo. Hawezi, barakoa imemfunika kichwa chote. Wanaosema wako pembeni, wasimulizi na waimbaji, na pamoja nao bendi ya piphat yenye marimba, ngoma na zumari. Mchezaji amebaki na mwili tu. Akipishanisha mikono kifuani, anapenda. Akiinamisha kichwa na kupeleka mkono kwenye paji la uso, analia. Ukishazijua ishara tatu nne, unaanza kuelewa kisa bila kujua neno la Kithai.

Jamani, na mafunzo yake! Wanaanza watoto. Mwalimu anakutazama umbo kwanza, halafu anakupanga: mwanamume mtukufu, mwanamke, jitu au nyani. Ukipangiwa nyani utapiga sarakasi miaka na miaka. Siku ya onyesho nguo zinashonewa mwilini, sindano na uzi, ukiwa umesimama. Na barakoa haitupwi ovyo, inaheshimiwa kama mwalimu. Mchezaji anaunganisha viganja na kuiinamia kabla ya kuivaa.

Ninayempenda mimi ni Hanuman, nyani mweupe, askari wa Phra Ram. Kwa Wahindi Hanuman hana habari na wanawake. Huyu wa Kithai anajenga njia ya mawe baharini ili jeshi limfikie Sida, Thotsakan anamtuma binti yake, nguva Suphannamatcha, ayaibe yale mawe, Hanuman anapiga mbizi kumkamata, na huko chini wanapendana. Wakati wanafukuzana jukwaani huoni maji hata tone, lakini nawaambia, utaiona bahari. Wanaelea kwa magoti na vidole vya mikono tu!

Kwa mnaopanga safari: tiketi ya kuingia Grand Palace, kasri la kifalme, inakupa pia onyesho fupi hapa siku za kazi. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti. Na mkiwa kule kasrini msikimbilie kupiga picha na kuondoka. Ingieni Wat Phra Kaew, hekalu lililo humo humo, pitieni michoro ya ukutani, vipande 178, Ramakien yote. Mimi nilianza kule asubuhi, na Hanuman nilimtambua kabla sijafika hapa.

Haya, milango inafunguliwa. Kamera nazima, ndani hawaruhusu.